Nzi hajui mpaka wa shamba

Katika Kaunti ya Makueni, afisa ugani anayeongeza kipato cha mkulima wa maembe si yule anayezunguka kufundisha mtu mmoja mmoja. Ni yule anayewafanya majirani watende jambo moja kwa wakati mmoja.

Embe linaweza kupendeza mtini, rangi imekolea na ngozi imetakata, kumbe ndani limekwisha kuoza. Nzi jike wa matunda hutoboa ngozi kwa mrija wake wa kutagia, akaacha mayai chini yake, akaruka kwenda tunda jingine. Baada ya siku moja au mbili mayai huanguliwa na funza wakaanza kula nyama ya embe. Mwenye shamba huja kupata habari siku mnunuzi anapopasua tunda moja mbele yake, akalitazama, kisha akataja bei ya kutupa au akapanda lori lake na kuondoka.

Kwa wakazi wa Makueni, kusini-mashariki mwa Nairobi, hasara hiyo inauma. Hii ni nchi kame. Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazotumainiwa zaidi, na hata hizo mara nyingi hukatika kabla mahindi hayajabeba. Mwembe huvumilia. Mizizi yake hushuka kutafuta maji ambayo mahindi hayayafikii, na matunda yake hukomaa kati ya Novemba na Machi, kipindi kile kile ambacho mzazi anahangaikia karo ya Januari. Kwa familia nyingi embe ndilo zao la fedha, na fedha yenyewe huja mara moja kwa mwaka.

Ukiuliza kazi ya afisa ugani ni nini, wengi watakujibu kwamba ni kumsaidia mkulima avune zaidi. Kwa zao la matunda jibu hilo ni nusu tu. Msimu unapofika kileleni, Makueni haina uhaba wa maembe. Yanaanguka chini na kuoza. Kinachokosekana ni maembe safi yasiyo na funza, yaliyochumwa siku inayofaa na kukusanywa mahali pamoja kwa wingi wa kumtosha mnunuzi wa maana. Hayo hakuna mkulima anayeweza kuyapata peke yake, hata awe hodari namna gani. Hapo ndipo afisa ugani anapostahili mshahara wake.

Mgeni wa mwaka 2003

Nzi wa matunda wa asili wamekuwepo Afrika tangu zamani. Lakini mwaka 2003 watafiti wa kituo cha kimataifa cha wadudu, ICIPE, chenye makao yake Nairobi, walimgundua nchini Kenya nzi mgeni mwenye asili ya Asia. Mwaka huohuo alionekana Tanzania pia, na haukupita muda akawa ameenea sehemu kubwa ya bara. Mwanzoni alipewa jina la kisayansi la Bactrocera invadens, yaani mvamizi; baadaye wanasayansi wakakubaliana kwamba ni Bactrocera dorsalis, nzi yuleyule anayesumbua wakulima wa Asia.

Mgeni huyu ana sifa tatu zinazomfanya awe adui mgumu. Anazaa sana: jike mmoja anaweza kutaga zaidi ya mayai elfu moja maishani mwake. Anakua upesi: penye joto, kutoka yai hadi nzi kamili huchukua takriban mwezi mmoja au pungufu. Tena hachagui chakula: embe likikosekana huhamia kwenye mapera, machungwa, mapapai, matopetope na hata matunda ya porini, akisubiri miembe izae tena. Tafiti za ICIPE zimekuwa zikitaja hasara ya kati ya asilimia 40 na 80 ya mavuno pale ambapo hakuna hatua iliyochukuliwa, kutegemea eneo, aina ya embe na msimu.

Hasara ya shambani ilifuatwa na hasara ya sokoni. Shehena za maembe ya Kenya zilipozidi kukutwa na funza katika viwanja vya ndege vya Ulaya, mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kuyapeleka huko ili isije ikafungiwa. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulikaza masharti zaidi: nchi inayouza lazima ithibitishe kwamba maembe yametoka eneo lisilo na nzi hao au yametibiwa kwa njia inayokubalika. Mlango ulifunguliwa tena mwaka 2021, baada ya kazi ya miaka mingi ya kuanzisha maeneo yanayodhibitiwa nzi katika kaunti kadhaa, Makueni ikiwemo.

Tazama neno eneo. Mnunuzi wa Ulaya haulizi kama shamba la mzee fulani ni safi. Anauliza kama kijiji kizima ni safi.

Bidii ya mtu mmoja haitoshi

Chukua mkulima mwenye juhudi kuliko wote kijijini. Amepogolea miti yake, ametundika mitego, anaokota kila tunda lililoanguka. Ng'ambo ya ua, jirani yake ameacha maembe yaoze chini kwa sababu anakaa Nairobi na shamba halina mwangalizi. Funza wakishiba hutoka kwenye tunda bovu, wakajichimbia kwenye udongo sentimita chache tu, wakageuka pupa, na baada ya siku kumi hivi wakatoka wakiwa nzi wenye mbawa. Watavuka ua bila kumwuliza mtu.

Kwa hiyo somo la kwanza la afisa ugani mjuzi huwa juu ya nzi kabla ya dawa. Huwakusanya wakulima chini ya mwembe, akapasua tunda lililoanguka, akawaonyesha funza. Kisha huweka matunda mengine mabovu ndani ya ndoo yenye mchanga na kuifunika kwa chandarua. Kikundi kinaporudi baada ya wiki mbili au tatu, kinakuta nzi wazima wamejaa chini ya chandarua. Mtu aliyeona hivyo kwa macho yake hahitaji kuhubiriwa tena kuhusu usafi wa shamba.

Mtindo huu wa kujifunza kwa kutazama na kujaribu pamoja ndio unaoitwa shamba darasa. Ulianzia katika mashamba ya mpunga ya Indonesia mwaka 1989 chini ya Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, ukaingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1990. Tofauti yake na mikutano ya zamani ni kwamba afisa hasimami mbele akisoma maagizo. Huuliza maswali, na wakulima huhesabu, hulinganisha na kuamua.

Baada ya hapo ndipo zana zinapoletwa, na kila moja ni rahisi kueleweka vibaya. Chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu, ndani yake pamba yenye methili eujenoli na kiuatilifu kidogo, hunasa nzi kwa mamia. Kiungo hicho kina harufu inayokaribiana na ya karafuu, nayo huwavuta madume. Mkulima akiona chupa imejaa hudhani vita vimekwisha. Afisa inambidi amweleze kwamba waliokufa ni madume peke yao, na dume mmoja aliyebaki anaweza kupanda majike wengi. Majike hutafutwa kwa njia nyingine: wanahitaji protini ili mayai yao yakomae, hivyo huwekewa chambo cha protini kilichochanganywa na dawa, kikinyunyizwa kwenye sehemu ndogo tu ya mti badala ya kuuosha mti mzima kwa sumu. ICIPE na washirika wake walifikia hatua ya kutengeneza chambo cha aina hiyo nchini Kenya kwa kutumia mabaki ya hamira kutoka viwanda vya bia, ili bei yake iwe karibu na uwezo wa mkulima mdogo.

Matunda yaliyoanguka huokotwa, ikiwezekana kila siku msimu ukishakolea, na kufukiwa kwenye shimo la kina cha nusu mita au zaidi. Shimo la juujuu ni kitalu cha nzi. Asiyeweza kuchimba huyafunga ndani ya mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani mpaka joto liue kila kilichomo. Kuna pia hema dogo lenye wavu wa matundu yaliyopimwa: matunda mabovu hutiwa ndani, nzi wanaototolewa hushindwa kutoka, lakini nyigu wadogo wanaoua nzi hao hupenya na kurudi shambani kuendelea na kazi. Nyigu wenyewe waliletwa na ICIPE kutoka Hawaii ili wamfuate nzi huyo hadi alikohamia.

Watu wa pwani wana askari wengine wasionunuliwa: chungu wekundu wanaojenga viota kwa kushonanisha majani, ambao huitwa maji moto kwa jinsi wanavyochoma. Watafiti nchini Tanzania wamewachunguza katika mikorosho na miembe na kuona kwamba wanafukuza wadudu waharibifu, nzi wa matunda wakiwemo. Wachumaji hawawapendi, na hilo nalo ni jambo la kujadiliwa darasani: namna ya kuchuma bila kuumwa na bila kuviharibu viota.

Kutoka amri hadi mwethya

Ukambani, ilipo Makueni, kuna kumbukumbu ndefu ya mabwana shamba, na si nzuri zote. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliona ardhi ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo, inamomonyoka. Ikaamua kwamba tatizo ni wingi wa ng'ombe, ikaanza kuwachukua kwa nguvu. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba kwenda Nairobi kupinga. Serikali ililazimika kurudi nyuma, ingawa Mbingu mwenyewe alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Baadaye yakaja matuta ya kuzuia mmomonyoko, nayo yakachimbwa kwa amri.

Jambo la ajabu ni yaliyofuata. Amri ilipoondoka na mkoloni, matuta hayakuachwa. Watu walipoona yanahifadhi maji na kuongeza mavuno, waliendelea kuyachimba wenyewe, tena kwa utaratibu wao wa zamani wa mwethya, ambapo majirani hukusanyika kufanya kazi kwenye shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Matuta ya vilima vya Mbooni na Kaiti yanayoonekana hadi leo ni kazi ya mikono ya vikundi hivyo kuliko ya maagizo ya ofisini.

Udhibiti wa nzi unadai mwethya wa namna hiyo hiyo. Vijiji vinavyofanikiwa ni vile vinavyokubaliana siku moja ya wiki ambayo kila kaya inaokota matunda, wiki moja ambayo mitego yote inabadilishwa pamba, na mtu wa kwenda kwenye mashamba ya wasiokuwepo. Afisa ugani hawezi kumlazimisha yeyote. Anachoweza ni kuleta hesabu ya nzi walionaswa kila shamba na kuisoma mbele ya wote. Mtu akisikia kwamba mitego iliyo karibu na ua wake ndiyo yenye nzi wengi kuliko yote kijijini, mara nyingi hahitaji kuambiwa zaidi.

Hapo pia ndipo afisa mwerevu anapoangalia nani yuko kikaoni. Miti mingi huhesabiwa kuwa ya baba, lakini anayeokota matunda, anayechota maji ya kunyunyizia na anayeuza yaliyobaki kando ya barabara mara nyingi ni mama. Mkutano ukiitishwa asubuhi wakati wa kuchota maji, wanaokuja ni wenye mali na wanaokosa ni wenye kazi. Kubadili saa ya mkutano hakugharimu senti, na kunaweza kubadili matokeo ya msimu.

Hesabu ya ekari moja

Tufanye hesabu ya mfano, bei zikiwa za kukadiria tu ili picha ionekane. Ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita kumi kwa kumi ina miti 40 hivi. Tuseme kila mti umezaa maembe 300. Jumla ni 12,000. Nusu ikiharibiwa na nzi, yanabaki 6,000. Mnunuzi wa shambani akinunua kila tunda kwa shilingi 5, mkulima ametia mfukoni shilingi 30,000.

Sasa kijiji kimepigana na nzi na hasara imeshuka hadi asilimia 20. Maembe safi ni 9,600, na kwa bei ileile ya shilingi 5 mapato yamefika 48,000. Ongezeko ni 18,000, ambamo mkulima atatoa gharama za chambo, mitego na vibarua.

Lakini kuna hatua ya tatu. Tuseme embe moja lina uzito wa gramu 400. Maembe 9,600 ni kilo 3,840. Kikundi kikiuza kwa kilo, shilingi 20 kwa kilo, mapato ni 76,800. Miti ni ileile, mvua ni ileile na maembe ni yaleyale. Kilichobadilika ni namna ya kupima. Kuanzia 30,000 hadi 48,000 kazi ilikuwa ya kupambana na mdudu. Kuanzia 48,000 hadi 76,800 kazi ilikuwa ya mizani na mapatano. Afisa ugani anayejua kilimo peke yake anamfikisha mkulima hatua ya pili. Anayejua na soko ndiye anayemvusha hadi ya tatu.

Ndiyo maana kuhesabu kwa tunda kunapaswa kutazamwa kwa jicho kali. Mnunuzi anayelipa kwa tunda huchagua makubwa na kuyaacha madogo, ilhali bei ni moja. Kikundi chenye mizani yake, daftari lake na mahali pamoja pa kukusanyia kinamwondolea mnunuzi gharama ya kuzunguka nyumba kwa nyumba, na kwa hiyo kina haki ya kudai sehemu ya akiba hiyo. Mkulima mmoja mwenye kreti tano hana la kudai.

Tena kuna shinikizo la karo. Mzazi anayehitaji fedha kabla ya shule kufunguliwa huuza Desemba kwa bei yoyote, wakati mwingine yakiwa bado machanga. Baadhi ya maafisa wamejifunza kwamba somo la kuweka akiba au kukopeshana ndani ya kikundi linaokoa bei ya embe kuliko somo la mbolea. Mkulima aliyepata mkopo mdogo wa chama wa kumvusha Januari anaweza kungoja embe likomae.

Mikono inayochuma

Embe huharibika pia mikononi mwa wenyewe. Wengi bado huchuma kwa kutikisa tawi, na tunda likigonga ardhi huwa limeumia hata kama ngozi haijapasuka. Afisa huonyesha jinsi ya kutumia kigoe chenye mfuko wa wavu, na kukata tunda likiwa na kikonyo kifupi. Kikonyo kikinyofolewa, utomvu huruka na kuunguza ngozi, na doa jeusi linalobaki hushusha daraja la tunda sokoni. Ukomavu hutambuliwa kwa mabega ya embe: yakijaa na kuinuka kupita mahali kikonyo kilipoingia, tunda liko tayari. Linalochumwa kabla ya hapo haliivi vizuri, na ndilo linalowashawishi wachuuzi kulitia kabaidi, kemikali yenye madhara kwa mlaji.

Kabla ya kuvuna kuna kazi ya miezi mingi ambayo haionekani sokoni. Miembe ya zamani iliyoota kutokana na kokwa huwa mirefu kupita uwezo wa ngazi, na matunda yake huwa na nyuzi. Haihitaji kung'olewa. Hukatwa shina, likachipua, kisha machipukizi yakabebeshwa vitawi vya aina inayotafutwa sokoni: Apple, ambalo asili yake ni pwani ya Kenya, au Kent, Keitt na Tommy Atkins zilizotoka Florida nchini Marekani. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, wakati wa kokwa huchukua zaidi ya mitano. Kupogolea kila mwaka baada ya mavuno hupitisha hewa na mwanga, na hivyo kupunguza chule na ubwiri unga, magonjwa mawili yanayoteketeza maua kabla hayajawa matunda.

Kwa anayelenga soko la nje kuna siku za kusubiri kati ya kunyunyizia dawa na kuchuma. Mabaki ya dawa yakizidi kiwango, shehena nzima hurudishwa au kuteketezwa, na jina la kikundi huharibika pamoja nayo. Kuandika tarehe ya kila unyunyiziaji kwenye daftari huonekana kama kazi ya makarani, lakini mnunuzi mkubwa huuliza daftari hilo kabla ya kuonja embe.

Kiwanda peke yake hakitoshi

Mwaka 2017 Kaunti ya Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilifungua kiwanda cha kusindika matunda huko Kalamba, kinachogeuza maembe kuwa rojo la kutengenezea sharubati. Mwaka huohuo kaunti ilitunga sheria ya kuunda mamlaka ya kuendeleza na kuuza matunda. Faida ya kiwanda kilicho karibu ni wazi: kinanunua kwa kilo, na hakijali doa la ngozi kama anavyojali mteja wa Ulaya. Bei yake pia huwapa wakulima kitu cha kulinganishia wanapozungumza na mnunuzi wa barabarani.

Hata hivyo, kiwanda hakipokei funza wala embe changa. Mashine ikikosa matunda yanayofaa husimama, na mkulima mwenye matunda mabovu hubaki nayo hata kama kiwanda kiko ng'ambo ya barabara. Kiwanda na afisa ugani wanategemeana kiasi hicho. Kwa bahati mbaya, kuzindua jengo kunapigwa picha na kunakatiwa utepe. Kumjazia afisa mafuta ya pikipiki hakupigwi picha na mtu.

Na maafisa wenyewe ni wachache. Kiwango kinachotajwa mara nyingi ni afisa mmoja kwa wakulima 400. Nchini Kenya mmoja huhudumia zaidi ya elfu moja. Shida hii ina historia: katika miaka ya 1980, kwa mpango wa Benki ya Dunia wa mafunzo na ziara, maafisa walitumwa vijijini kwa ratiba maalumu, lakini katika miaka ya 1990 ajira serikalini zilibanwa na nafasi za waliostaafu hazikujazwa. Katiba ya 2010 ilipokipeleka kilimo kwenye kaunti, kuanzia 2013 jukumu likawa la magavana, na kila kaunti ikapanga vipaumbele vyake.

Tanzania nayo inajua uhaba huu. Wizara ya Kilimo iliwahi kutaja maafisa ugani wapatao 6,700 dhidi ya mahitaji ya zaidi ya 20,000, kwa lengo la kila kijiji na kata kuwa na wake. Aprili 2022 huko Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa maelfu ya pikipiki na vifaa vya kupimia udongo kwa maafisa hao. Ni hatua kubwa, maana bwana shamba asiye na usafiri ni mkazi wa ofisi. Lakini pikipiki humfikisha afisa kijijini tu. Atakachofanya akishafika ndicho kinachoamua. Wakulima wa machungwa wa Muheza na wa maembe wa Mkuranga wanasumbuliwa na nzi yuleyule wa Makueni. Wale wa parachichi wa Njombe na Rungwe wana jaribu linalofanana na la Desemba ya Makueni: kuchuma matunda machanga ili kuwahi bei, kisha soko zima la nchi likachafuka. Kenya imelazimika hata kufunga msimu wa kuvuna parachichi kwa miezi kadhaa kupitia Mamlaka ya Kilimo na Chakula, AFA, ili kuzuia uchumaji huo.

Penye pengo, wengine huingia. Kampuni zinazosafirisha matunda huajiri wataalamu wao, na kwa wakulima wenye mikataba wanafanya kazi nzuri, ila huishia kwenye mpaka wa mkataba, na nzi haishii hapo. Mwenye duka la pembejeo hutoa ushauri bure, lakini ushauri wake mara nyingi huisha kwa chupa ya dawa iliyo kwenye rafu yake. Hatakwambia ufukie maembe, kwa kuwa shimo haliuzwi. Afisa wa umma ana thamani hii kubwa kwamba hana cha kuuza.

Cha kudai

Yapo mambo yanayoweza kufanywa bila kusubiri ajira elfu moja mpya. La kwanza ni kuwapa vijana wa vijijini mafunzo ya kupogolea, kubebesha na kuweka chambo, wakalipwa na wakulima kwa kazi hiyo huku afisa mmoja akisimamia makundi yao. Afisa anayewasimamia vijana kumi anafika mbali kuliko anayezunguka peke yake. La pili ni kutumia simu ipasavyo: picha ya jani lenye madoa ikitumwa kwenye kundi la WhatsApp hujibiwa siku hiyohiyo, na ziara ya afisa ikabaki kwa mambo yanayohitaji mikono na macho. La tatu ni kununua chambo na mitego kwa pamoja kabla ya msimu, maana chambo kinachofika Januari kimewakuta nzi wameshatangulia.

La nne ni gumu zaidi, kwa sababu linagusa namna tunavyompima afisa mwenyewe. Ripoti nyingi za ugani huhesabu mikutano iliyofanyika, wakulima waliohudhuria na vipeperushi vilivyogawiwa. Takwimu hizo hazimwambii mlipakodi kama kuna mtu aliyepata shilingi zaidi. Afisa wa matunda apimwe kwa mambo matatu: nzi wangapi wananaswa kwa mtego kila wiki kijijini kwake, kilo ngapi zimekataliwa mahali pa kukusanyia, na kikundi kimelipwa shilingi ngapi kwa kilo ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Yote matatu yanaweza kuandikwa na wakulima wenyewe kwenye daftari moja, na kusomwa hadharani kwenye baraza.

Afisa atakayepimwa hivyo hatakuwa na haja ya kujaza vitabu vya wageni. Atakwenda shamba lenye matunda yaliyoachwa kuoza, atamtafuta mwenye shamba kwa simu huko aliko mjini, ataketi na kikundi wakati wa kujadiliana na mnunuzi. Nao wapiga kura wa Makueni, kama wale wa Muheza na Njombe, wakisomewa bajeti ya kilimo wana swali moja la kuuliza kabla ya kushangilia kiwanda kipya: ni kiasi gani kimetengwa kwa ajili ya mtu atakayehakikisha matunda yanayoingia humo hayana funza?